Klara na ukoo ambao hakuuhesabu

Saa moja asubuhi, mashine ya kukamua alizeti pale Mandewa, mjini Singida, imeshaanza kunguruma. Klara Mughwai anamimina gunia la kwanza, anasogeza ndoo pale mafuta yanapotokea, kisha anatega sikio. Mashine ikibadili mlio kidogo tu, anajua mbegu zina mchanga.

Kinachomchanganya siku hizi ni mwili wake mwenyewe.

Klara, mwenye miaka 39, yuko kwenye kazi hii mwaka wa kumi na moja sasa. Siku ikiwa nzuri hupata shilingi 9,000 na mashudu kidogo ya kulishia kuku. Haumwi popote. Mwezi uliopita alimsindikiza jirani zahanati, akakuta wanawake wanapimwa matiti bure, naye akakaa kwenye foleni.

Muuguzi, Janeth, hakumkuta na uvimbe. Akamwuliza kama kwenye ukoo wao kuna aliyewahi kuugua saratani ya matiti.

"Nikamjibu hakuna. Wala sikudanganya," anasema Klara.

Kwa hesabu za nyumbani kwao, ni kweli. Klara ni Mnyaturu, na mtoto ni wa ukoo wa baba. Aliwapitia mashangazi wote kichwani, akawakuta wazima, mmoja ana miaka themanini na bado analima. Mama yake, Magdalena, aliyefariki kwa saratani ya titi akiwa na miaka 42, hakumhesabu. Huyo aliolewa kutoka Ulemo, Iramba. Ana ukoo wake. Mama mdogo Febronia, aliyekufa kwa ugonjwa huohuo, hakumjia hata akilini.

Klara alishajifunga kanga aondoke, akasema kwa kupitisha maneno tu kwamba afadhali yeye, marehemu mama yake aliteseka sana na titi. Janeth akaweka kalamu chini.

"Kaa kwanza, dada," alimwambia. "Nusu ya vinasaba vyako imetoka kwa mama, nusu kwa baba. Hitilafu ya vinasaba inayoongeza hatari ya saratani hii inaweza kupitia upande wowote. Inawezekana pia haikukufikia. Ndiyo maana kuna kipimo cha vinasaba."

Kipimo hicho zahanati hakipo. Klara aliandikiwa rufaa ya kwenda hospitali kubwa, akaagizwa aje na majina ya ndugu wa mama waliougua, na umri wao.

"Mume wangu ananiuliza naumwa nini, namwambia siumwi. Sasa barua ya rufaa ya nini?" anasema, akifuta mikono. "Wanasema nikikutwa nayo hiyo hitilafu, si kwamba naumwa. Nisipokutwa nayo, bado naweza kuumwa. Hapo mimi nishike lipi?"

Binti yake, Jesca, mwenye miaka 19, ndiye aliyeuliza swali lililomkosesha raha: "Na mimi je, mama?" Klara anakiri alikwenda kulia nyuma ya nyumba, kisha akarudi jikoni.

Jumamosi anafunga kazi mapema aende Ulemo kwa wajomba, ambako hajakanyaga tangu msiba wa mama, miaka kumi na minne iliyopita.

"Nitawaamkia shikamoo, halafu niwaulize waliokufa walikufa na nini. Watanishangaa," anasema. "Lakini Jesca nakwenda naye. Akayasikie mwenyewe, maana mimi nikimsimulia nitamchanganya, na haya yanamhusu kuliko mimi."