Injini Iliyonyweshwa Maji ya Mtungi

Nakumbuka asubuhi ile tulipobadilisha injini ya pikapu ya marehemu baba, mwanangu, na hata leo nikiikumbuka miguu inaniwasha kucheza. Usinione nimepinda mgongo. Mikono hii ilifungua plagi kabla haijabeba mtoto.

Ilikuwa hapa hapa Newala, miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu. Injini ya kwanza ilikuwa imenoki, imekufa kabisa, na kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Korosho zetu za msimu mzima zikaishia kwenye injini moja ya silinda nne, iliyotumika, kutoka ng'ambo. Kaka yangu Saidi aliipata Masasi, akapanda nayo kwenye lori huku ameikumbatia kama bibi harusi. Mama alikubali kwa sababu moja tu: magoti. Maji yetu yalikuwa bondeni, na magoti yake yalishagoma kupanda mlima na ndoo kichwani. Gari lisipowaka, korosho zimekwenda, na maji hatuna.

Tulisimika magogo matatu uani, tukafunga winchi ya kuazima. Injini kuukuu ikatoka, mpya ikaanza kushuka, Saidi akipiga kelele, "Kushoto! Kushoto, dada!" Nami niko chini nalenga matundu ya bolti, oili inanitiririka hadi kwenye kiwiko, raha tupu! Ilipokaa sawasawa nilipiga kigelegele peke yangu.

Ikabaki kutia maji ya kupozea injini kwenye rejeta. Wewe mtoto wa bomba utashangaa, lakini kwetu maji hayakutumika mara moja. Ya kufulia nguo yalinyweshwa mgomba, ya kuoshea mboga yalitumika kufulia. Mtungini yalibaki ya kunywa tu, ya siku ile. Basi nikabeba ndoo ya maji ya kufulia, povu na mchanga humo humo, nikijiona mwerevu.

"Weka chini," Mama akasema.

"Mama, hiki chuma tu. Hakina ulimi."

"Huyu ni mgeni, tena katoka mbali. Tangu lini mgeni wa nyumba hii akapewa maji ya kufulia? Unamtaka akupandishie mapipa ya maji mlimani, halafu unamziba koo?"

Akaingia ndani, akatoka na mtungi, akaumimina wote. Niliogopa, sikufichi. Isipowaka, tutakunywa nini?

Saidi akawasha. Ikakohoa. Akawasha tena, ikakohoa, ikazima. Mara ya tatu ikashika, mwanangu! Ikashika! Kuku wakatawanyika, majirani wakaja mbio, na Mama akacheza na magoti yake yale yale.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema akihema. "Lakini huyu jembe lake leo leo. Teremkeni bondeni."

Kwenda kulikuwa mteremko. Kurudi ndiko kulikonitoa jasho: mlima mkali, mapipa yamejaa, nami nimeukodolea macho mshale wa joto la injini. Haukusogea. Saidi akaanza kuimba, nikamfuata, tukafika juu sauti zimetukauka. Ningetia ule uchafu wangu, rejeta ingeziba na injini ingeungua pale pale kwenye kona.

Mama alichota kikombe cha kwanza, akanipa mimi. "Asubuhi alikunywa maji yetu," akasema. "Sasa na sisi tunywe yake." Nilikunywa huku nacheka na kulia.

Basi sikia, mwanangu. Kitu utakachokitegemea kesho, usikilishe makombo leo. Iwe injini, iwe shamba, iwe mke au mume, mpe maji yako mazuri mwanzoni, hata kama ndiyo ya mwisho mtungini. Rahisi ni ghali, na mlima huwa haumbembelezi mtu.

Mungu akupe mtungi usiokauka na mkono usioogopa kuumimina. Na lako likikohoa, washa tena.