Mifano Minne ya Nyumba ya Mama

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na kabla sijashika kalamu huanza na mifano midogo ya kushika mkononi. Haina milango wala madirisha. Huonyesha tabia ya nyumba tu: kama ni ya udongo, ya maji, ya upepo au ya moto. Wateja wangu wa Malindi huitazama kwa adabu, kisha huniuliza vyumba vya kulala viko wapi. Nimezoea.

Lakini ile minne ya mwaka juzi ilikuwa ya mama yangu. Kule Sabaki mto ulikuwa unaula uwanja wake. Jiko lilikwenda kwanza, ikafuata minazi miwili, na sisi wanawe tulijua mafuriko mengine yangemchukua yeye. Tukampatia kiwanja Jilore, pakavu. Hakutaka hata kusikia. Kila tukimwambia, alitikisa kichwa akaendelea kupepeta mchele wake. Macho yake yaliharibiwa na weupe wa jua juu ya mashamba ya chumvi ya Marereni, alikofanya kibarua tangu tukiwa wadogo. Basi mimi, kwa kiburi cha aliyesoma, nikasema nitamshikisha hiyo nyumba, aione kwa vidole.

Mfano wa udongo niliufinyanga kwa udongo wa Jilore kwenyewe. Wa moto ulikuwa wa vigae vilivyoungua. Wa upepo niliusuka kwa ukindu, nikaacha uga katikati hewa ipite, na huo ndio niliojivunia. Wa maji niliutengeneza kwa chumvi ya mawe, eti nimfurahishe. Nilipomkabidhi ulikuwa umeshaanza kuyeyuka kwa unyevu. Alilamba kidole.

“Chumvi,” akasema. “Hii hii iliyonitoa macho, mwanangu?”

Niliona haya mpaka nikakosa pa kutazama. Hakunigombeza. Aliivuta mifano mingine, mmoja baada ya mwingine, akaipapasa nje na ndani bila haraka. Nikadhani imempendeza. Kumbe alikuwa akitafuta.

“Babako nimemtafuta humu mwote,” akasema. “Sikumpata.”

Kwetu Wagiriama, wale walioshika mila, aliyefariki husimamishiwa koma, kigingi cha mti uani, na hapo ndipo huambiwa habari za nyumbani na kumwagiwa tembo la mnazi. Watu wakihama, kile cha zamani haking'olewi. Husimamishwa kingine huko waendako. Hayo nayajua tangu utotoni. Nimewapimia watu jua na upepo miaka yote hii, na babangu mwenyewe nikamsahau. Mama hakuwa ameikataa Jilore. Alikataa kumwacha mumewe mtoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza.

Nililia mbele yake, mtu mzima mimi. Nilipotulia, akaniomba njiti ya kiberiti. Akaupapasa ule mfano wa ukindu, akaichomeka pembeni mwa uga wangu, akaigusa tena kuhakikisha imesimama.

“Hapa atapata upepo,” akasema. “Kesho asubuhi nipeleke kwake, nikamwambie tunahama.”