Mtani wa Mzee Noa

Asubuhi za Maramba ukungu hushuka kutoka milima ya Amani bila kupiga hodi. Huingia madirishani, hukaa vitandani, na kwa kitambo huwezi kujua nani ameamka na nani bado anaota. Ndivyo ilivyokuwa katika Nyumba ya Simeoni, nyumba ya wazee ya usharika wetu, miaka ile ya hamsini na kitu. Mimi, Lea, nilikuwa mpishi pale, na kila nilipoingia na uji niliona kama nauingiza kwenye ndoto za watu. Mmoja ananiita dada yake, mwingine ananiuliza kama ng'ombe wamerudi. Nilijifunza kuitikia. Wamerudi wote, babu, kunywa uji.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya bwana shamba mmoja wa mkonge aliyeondoka zamani, akaacha kuta nene na popo darini. Usharika ukaipata, ukatia vitanda, ukasema hapa watakaa wale waliozeeka mashambani na hawana mtu. Walikuwa wengi. Walikuja vijana kutoka bara, wakaitwa manamba, wakakata mkonge mpaka migongo ikapinda, na siku ya kurudi kwao ikawa inasogezwa mbele kila mwaka hadi hapakuwa tena na wa kumrudia. Mchungaji Luka ndiye aliyeipa nyumba jina la Simeoni, yule mzee wa hekaluni aliyekuwa akingoja. Jina zuri, sikatai. Ila Simeoni alijua anachongoja, na wazee wetu wengi walikuwa wameshasahau.

Mwenye kuishika nyumba ile alikuwa Dorkasi, mjane wa mwinjilisti Ernesti, Mshambaa wa Mlalo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, kitambaa cheupe kichwani, na sidhani kama kuna mtu Maramba aliyewahi kuyaona magego yake kwa kicheko. Lakini mikono yake! Aliwaogesha wazee kwa maji ya moto yaliyochemshwa na mchaichai, taratibu, akiimba puani, mpaka mzee anasinzia amekaa. Kabla ya kumgusa yeyote aligonga ubao wa kitanda kwa kidole, akainama, akasema, "Shikamoo, baba." Hata kwa kiziwi. Hata kwa yule aliyekuwa hajui tena kuwa yeye ni baba wa nani. Sisi wengine alituamkia kwa Kishambaa, "Onga makeo," nasi tukamhesabu Mshambaa, likaisha.

"Mzee hasukumwi," alitufundisha. "Mzee haharakishwi. Mzee hataniwi." La tatu lilikuwa langu, maana mimi ulimi wangu haujawahi kulala njaa. Nilinyamaza kwa sababu nilimpenda, na pia kwa sababu nilimwogopa.

Katika wazee hao alikuwepo Noa, Mnyamwezi. Alikuja Tanga akiwa kijana, akakata mkonge, kisha akawa mtu wa korona, kule kiwandani majani yanakosagwa yakatoka singa, nyuzi za mkonge. Vumbi lile lilimwachia kikohozi na sauti ya kukwaruza. Masika ya mwaka ule alianza kuacha kula. Hakuwa na homa. Alilala tu macho wazi akiutazama ukungu, na akizungumza, alizungumza na watu waliokuwa ndani ya ukungu huo.

Alichoogopa si kufa. Alituambia mwenyewe, mimi na Anjela, bibi wa Kimakonde aliyekuwa na kitanda karibu na mlango. Aliogopa kuzikwa kwa adabu.

"Kule kambini," alisema, "Mnyamwezi akifa walikuja watani. Wanamtukana, wanadai vitu vyake, watu wanacheka. Basi maiti anajua kwamba ana watu. Lakini hapa nitafunikwa, nitaimbiwa, nitashushwa. Nikifika huko nitaulizwa, ni nani aliyekusindikiza? Nitasema, watu wema, siwajui."

Anjela akaguna. Mimi nikaenda kumwambia Dorkasi, naye akasema tutamwombea. Tukamwombea. Uji ukarudi jikoni vilevile.

Ndipo akaja Miraji. Huyu alikuwa fundi wa mabati kutoka Ngamiani, mjini Tanga, Mzigua, mtu wa kofia na maneno, aliyekuwa akizunguka vijijini na baiskeli akiziba sufuria na kuuza koroboi. Alikuwa amechuchumaa barazani na birika letu mapajani alipoisikia ile sauti ya kukwaruza dirishani. Akauliza, "Yule mzee kabila gani?" Nikamwambia. Nilimwona usoni furaha ya mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Akaweka birika chini, akaingia ndani bila kuvua kofia.

"Ala! Mnyamwezi, hujafa tu?" akapiga ukelele. "Mie nimekuja na kamba ya kukuburuzia, weye bado unamaliza uji wa watu! Lete blanketi langu hilo, mpagazi we!" Akalishika blanketi, akalivuta.

Noa, ambaye kwa siku nyingi alikuwa hageuki bila kugeuzwa, akainuka akaketi. Akalishika blanketi upande wake. Akafungua kinywa kujibu, na macho yake yalikuwa yamerudi kutoka kule yalikokuwa.

Hakuwahi kujibu. Dorkasi alitokea mlangoni na mwiko wa ugali, na alichokiona yeye ni mtu wa barabarani anamnyang'anya mgonjwa blanketi. Sijapata kuona hasira namna ile. Mwiko ulimpata Miraji begani, ukampata mgongoni, na maneno yaliyomtoka mama yule mcha Mungu hayakuwa ya Kiswahili wala Kishambaa, nami sikuyaelewa hata moja. Miraji alirukia baiskeli akaacha birika halijazibwa. Lakini barabarani aligeuka nyuma mara moja, akamtazama Dorkasi kwa mshangao.

Noa alilala tena. Akajigeuza mwenyewe, akauelekea ukuta.

"Mama Dorkasi," nikasema, na safari hii sikujali kumwogopa, "umemfukuza mtani wake."

Alisimama na mwiko wake katikati ya chumba. Nilimwona anaelewa, polepole, kutoka miguuni kwenda juu. Alimfunika Noa vizuri, akagonga ubao wa kitanda, akasema, "Nisamehe, baba." Siku iliyofuata Noa hakunywa hata maji, na sote tukajua kwamba akienda hivyo, ameenda mgeni.

Dorkasi akapanda basi la Tanga. Mengine haya alinisimulia yeye. Alisema njia nzima aliona kama anaota: mashamba ya mkonge yanapita mstari kwa mstari, hayaishi, naye anajiuliza mjane wa mwinjilisti anakwenda mjini kumwambia mwanamume asiyemjua nini. Akashuka Ngamiani, akaulizia, akaonyeshwa. Miraji alikuwa mbele ya kibanda chake anagonga bati. Alipomwona alilikinga bega.

"Sikuja na mwiko, kaka," Dorkasi akasema. "Nimekuja kukuomba radhi. Tena nakuomba urudi Maramba ukamtukane yule mzee. Mtukane sana. Anakufa."

Miraji alicheka mpaka nyundo ikamtoka mkononi. Kisha akamvutia kigoda.

"Kaa, dada. Nikuulize. Siku ile ulinifukuza kwa lugha gani?"

Dorkasi akatazama chini.

"Ilikuwa Kizigua," Miraji akasema. "Tena Kizigua cha Handeni ndani kabisa, kile siye wa mjini tumeshakisahau. Mie nakimbia huku nasema moyoni, masikini bibi yangu amefufuka! Sasa weye Mzigua mzima, unaishi na Mnyamwezi nyumba moja, unamwosha, unamlisha, halafu unapanda basi kuja kuazima mtani Ngamiani?"

"Mimi hayo niliyaacha nilipobatizwa. Tuliambiwa utani ni matusi, na matusi ni dhambi."

"Ulibatizwa weye. Babu zako hawakubatizwa, nao ndio waliofunga utani na watu wake." Akaokota nyundo. "Mie nitakuja kwenye maziko, inshallah, siwezi kukosa. Lakini mgonjwa ni wako."

Miraji alikuwa amesema kweli. Dorkasi alizaliwa Uzigua, akachukuliwa na misheni akiwa mtoto baada ya njaa kumaliza kwao, akalelewa mbali, akaolewa na Mshambaa. Hakuna aliyemuuliza kabila lake, naye hakuona haja ya kulitaja. Alisema alikuwa amelikunja na kulitia chini ya sanduku miaka mingi mpaka akaamini halipo.

Alirudi jioni mvua ikinyesha. Hakuja jikoni, hakubadili nguo. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha Noa akasimama miguuni pake, maji yakimchuruzika, wala hakugonga ubao.

"Wee Noa," akasema.

Anjela aliinua kichwa. Mimi nilibaki na sufuria mkononi. Hapakuwa na baba, hapakuwa na shikamoo.

"Wee mpagazi. Nani aliyekupa ruhusa ya kulala kwenye kitanda cha Wazigua?" Aliyatamka kama mtoto wa darasa la kwanza anayesoma akiogopa fimbo. "Hebu geuka nikutazame meno. Kama yamebaki, nikuuze. Kama hayapo, nikutupe."

Mvua juu ya bati. Noa akageuka kidogo kidogo.

"Nani huyo?"

"Mwenye mali yake. Mzigua wa Handeni."

Noa alimtazama kwa muda mrefu. Nilidhani amesharudi kwenye ukungu wake. Halafu kile kifua kikaanza kupanda na kushuka, na sauti ya kukwaruza ikatoka.

"Wazigua mtamuuza nani? Si nyie mliojiuza wenyewe wakati wa njaa, kwa kibaba cha mtama? Tena mkaomba nyongeza!"

Akacheka. Akakohoa, akacheka tena, machozi yakamtoka, na Anjela naye akacheka bila kujua kisa. Dorkasi aliketi kitandani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na hapo ndipo nilipoyaona magego yake.

"Mzigua," Noa akasema alipopata pumzi. "Siku zote hizi. Na kila asubuhi unaniamkia shikamoo, kama mimi ni mtu aliyepotea njia akaomba malazi."

"Nilidhani nakuheshimu."

"Uliniheshimu sana," akasema Noa. "Nilikuwa nimechoka."

Akaomba uji. Niliupasha moto huku nalia, sioni aibu kusema.

Hakupona, tusidanganyane. Lakini aliishi, na kuishi kwake kuliiamsha nyumba nzima. Asubuhi ukungu ukiingia, Dorkasi alikuwa akiingia nao akidai kodi ya kitanda. Noa akimjibu kwamba Mzigua hawezi kumiliki kitanda, hajui upande wa kichwa ni upi. Maji ya mchaichai yalikuwa yaleyale, mikono ileile, ila sasa alimwosha huku akimwita mzigo. Mchungaji Luka alipita siku moja, akasikia, akasimama barazani na Biblia yake kwapani, akaenda zake bila kubisha hodi.

Karibu na mwisho Noa alizungumza tena na watu wa kwenye ukungu. "Wananiuliza nimeletwa na nani," aliniambia. "Nimewaambia yupo, anakuja nyuma, ana mdomo mchafu." Alikufa alfajiri moja ya mvua za vuli, Dorkasi akiwa amemshika mguu.

Maziko yalikuwa ya heshima kama yalivyo maziko yetu. Wazee waliokuwa na miguu walitembea, wasio na miguu tuliwabeba kwa viti. Miraji alituma salamu kwamba amelala kwa homa Ngamiani, hawezi kupanda baiskeli. Tukaimba. Mchungaji Luka akasoma. Jeneza liliwekwa kando ya kaburi, kamba zikapitishwa chini yake, na wanaume wakainama kulishusha.

Dorkasi akatoka kwenye safu ya akina mama wa usharika, na kitambaa chake cheupe, akaenda akaketi juu ya jeneza.

Wimbo ulikatika. "Mama Dorkasi," Mchungaji akasema kwa sauti ya chini, "inuka."

"Siinuki. Huyu ni mtumwa wangu. Ameondoka bila ruhusa, ameniachia blanketi lililotoboka na birika linalovuja. Hashuki humo mpaka nilipwe."

Watu wakatazamana. Kisha mzee mmoja kitini akaanza kucheka, na Anjela akajongea akamrushia tumbaku yake ya kunusa. "Haitoshi!" Dorkasi akasema. Mwingine akatoa sindano yenye uzi. "Haitoshi! Mnyamwezi huyu alikula uji wa kijiji kizima!" Nikavua kanga yangu ya mabegani nikamtupia, nikamwita mchoyo, na makaburini kote kukawa vicheko, watu wakijishika mbavu penye udongo mbichi.

Mtani hatakiwi kulia. Kazi yake ni kuwazuia wengine wasilie. Lakini Dorkasi alikuwa ameianza kazi hiyo uzeeni, na machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni huku anatukana. "Mpagazi we," alikuwa akimwambia Noa, kiganja chake kikipiga ubao, "mpagazi we, ungeniambia mapema. Ungeniambia mapema."

Vicheko vikapungua. Akabaki pale amekaa, hakuna aliyejua la kufanya, na hakuna aliyekuwa na kitu kingine cha kutoa.

Mchungaji Luka akafunga kitabu. Alipapasa mfuko wa joho lake, akatoa leso yake, akainama akamwekea mapajani. "Haya, Mzigua," akasema. "Usharika umelipa."

Dorkasi akafuta uso, akapenga kamasi, akainuka. Tukamzika.