Sindano Iliyoshika

Mume wa dada yangu alichemsha sindano yake ya kioo kila asubuhi ndani ya kopo la sadini, juu ya mbabula, jiko lilelile la makaa tulilochemshia chai. Nilikuwa nimekuja Bukavu kutafuta kazi ya ukarani, nikawa nalala sebuleni kwao Kadutu, na sauti ya kioo kikigonga bati ndiyo iliyoniamsha. Nimehama miji mingi tangu hapo. Sauti ile naikumbuka kuliko kengele za misa.

Jiwe lilikuwa limemvunja shemeji mguu kwenye mgodi wa Kamituga. Hospitalini huko walimtuliza kwa sindano za morfini. Mguu ukapona, morfini ikabaki. Muuguzi mmoja, rafiki yake, alimpatia vichupa kwa siri.

Hakujiona mgonjwa hata siku moja. Wagonjwa, kwake, walikuwa walevi wa kasiksi, pombe ya ndizi, na jirani aliyekohoa nyuma ya ukuta. Yeye alinyoa ndevu, alipiga pasi shati, alimaliza bugali na ndagala.

"Shemeki, mutu mugonjwa anakulaka hivi?" aliniuliza akilamba vidole.

"Anakulaka mpaka na ya kwangu," nikamjibu. Alicheka mpaka machozi.

Kisha mkono aliojichoma ukavimba. Sisi sote tuliokulia vijijini tulikumbuka sindano za buba: ulipochomwa ukavimba, wazee walifurahi, wakasema dawa imeshika. Isiyovimbisha ilikuwa maji matupu. Kwa hiyo mkono ule ulimpa furaha.

"Ona, imeshika! Uchafu yote ya Kamituga inatoka."

Dada alimkanda kwa kitambaa cha moto, usaha ukamwagika, naye akamwomba akande tena, kwa nguvu zaidi.

"Yaya, tumupeleke ku hospitali," nilimwambia dada.

Mumewe ndiye aliyejibu. "Weye ulisoma makaratasi, hauko munganga. Hospitali ni ya wagonjwa."

Homa ilipomtetemesha, aliiita malaria. Mstari mwekundu ukapanda hadi kwapani. Dada alilia kwa sauti, majirani wakaja mlangoni, na kwa aibu hiyo mumewe akakubali kwenda hospitali. Lakini kubebwa alikataa. Alivaa shati lake safi, mkono mmoja ukiwa nje kwa sababu haukuingia kwenye shati, akateremka mlima akisalimia watu.

"Ninaenda kuonyesha mukono tu. Ninarudia."

Daktari alisema sumu imeshaingia damuni, mkono ukatwe upesi. Shemeji alikataa: nani hukata mkono wa mtu mzima? Alipopoteza fahamu wakaukata, lakini hakuamka.

Kwenye matanga watu walisema hospitali imeua mtu aliyekuwa na afya. Nilimtazama dada, aliyefua vitambaa vile vya usaha kwa mikono yake, nikingoja aseme neno.

"Alitoka hapa na miguu yake," alisema, na wote wakaitikia.