Skrubu ya Mwisho ya Klachi

Asubuhi ile mke wangu alikuwa amekwisha vaa gomesi yake ya bluu, amekaa barazani na kikapu miguuni. Mimi nilikuwa nimechuchumaa uani mbele ya pikipiki, mikono imejaa oili. Mdogo wake alikuwa anaposwa siku hiyo kwao Bugoye. Klachi ilikuwa inateleza, na bila kubadilisha sahani zake tusingepanda kile kilima cha kwa wakwe tukiwa wawili. Nilimwambia ni kazi ndogo.

Skrubu za kifuniko zilitoka vizuri, isipokuwa ile ya chini, karibu na ekzosi. Fundi mmoja wa Bwera ndiye aliyeikaza mara ya mwisho, kwa bisibisi isiyo saizi yake na nguvu zote za bega. Nilipozungusha, bisibisi iliruka, na ule msalaba wa kichwani ukalika hadi ukabaki shimo la mviringo. Nikaweka kipande cha tyubu ili bisibisi ishike, ikakikata. Nikamwagia mafuta ya taa, nikangoja, nikajaribu tena, nikajichuna kiganja. Nilitukana kwa Lukonzo, lugha yetu ya nyumbani, maana Kiswahili hakikunitosha.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "wageni watafika kabla yetu."

Nilimjibu vibaya, kwamba kama anaona rahisi aje aifungue yeye. Akasimama, akakung'uta gomesi, akaenda barabarani kusimamisha bodaboda, akaondoka bila kugeuka.

Nilipoanza kugonga kwa tindo na nyundo, jirani yetu akatoka, mwanajeshi aliyepanga chumba cha pili. Alitaka kujua ni kelele za nini. Nilipomweleza, aliniamuru nisogee.

"Taratibu, afande, hiyo ni alumini," nikamwambia.

Hakunisikiliza. Aliegesha tindo ukingoni mwa kichwa cha skrubu, akagonga mara kadhaa kama anayevunja mwamba. Skrubu ikazunguka kidogo, kisha ikang'oka pamoja na kona ya kifuniko. Tulikitazama kile kipande kwenye mchanga.

"Imetoka," akasema. Akanirudishia nyundo, akaingia ndani.

Sahani mpya niliziweka. Kile kipande nilikigandisha kwa gundi ya injini, nikaifunga ile kona kwa waya, nikajua kabisa itavuja. Nilipanda kwenda Bugoye jua likiwa limeshainama. Klachi ilishika vizuri mpaka juu, ila oili ilikuwa imenilowesha suruali kuanzia goti hadi chini.

Wageni walikuwa wanaagana. Baba mkwe aliniuliza kama nimeanguka. Nilisema hapana, akaitazama tena suruali. Mke wangu aliniletea bundu, ugali wetu wa muhogo, iliyokwisha poa, akaniambia atalala kwa mama yake. Niliketi nyuma ya nyumba nikaila yote, kidonda cha kiganja kikiniwasha kila nilipochovya kwenye mchuzi.