Nyamoita na Sahani za Kinamasini

Mimi ndiye niliyemwita Nyamoita mwendawazimu mbele ya watu, kwa hiyo ni haki mimi niandike habari zake. Wengine watapamba. Mimi nilikuwepo, na mdomo wangu ulikuwepo zaidi.

Alizaliwa upande wa Ogembo kwenye joto la migomba, akasoma mpaka darasa la tatu, akaolewa na Omwenga, mtu mpole anayeongea mara mbili kwa wiki. Mwaka wa sitini na sita walipata shamba la skimu ya makazi huku juu, kaskazini ya Nyamira, kwenye ardhi waliyoiacha Wazungu. Sisi pia tulikuja mwaka huo. Jamani, baridi! Tulilala na sweta, tukaamka na sweta, na siku ya pili niliapa kurudi kwetu kwa miguu. Nyamoita yeye alitoka nje alfajiri, akapuliza pumzi, akacheka kama mtoto, akaniita.

"Mama Jethro, njoo uone! Natoa moshi bila moto!"

Huyo ndiye Nyamoita. Kitu kinachokukera wewe, yeye anakichunguza.

Chini ya mashamba yetu kulikuwa na kinamasi kirefu chenye majani laini ambayo ukiyakanyaga yanazama na kurudi, vyura wa kupiga kelele kama kamati, na korongo wawili waliotembea humo kama wenye mali. Upande mmoja, Mzungu wa zamani alikuwa amechimba mtaro, sehemu kidogo ikakauka. Nyamoita akiteka maji aliona jambo. Kila Januari, mbingu ikiwa wazi, nyasi za pale pakavu huamka nyeupe, na jua likipanda zinageuka kahawia kama zimepigwa pasi. Hatua kumi pembeni, penye maji, nyasi ni za kijani na zinacheka. Miaka mitano aliangalia hilo na kuliandika kwenye daftari la shule: tarehe, mbingu ilikuwaje, wapi peupe, wapi kijani.

Halafu ikaja chai. Egesangio yetu, yaani kikundi cha wanawake tunaolimiana kwa zamu, tulikuwa kumi na wawili, na tulikuwa na kitalu kimoja cha miche ya chai. Karibu miaka miwili tuliilea, tukaimwagilia maji kwa vichwa vyetu. Hatukuwa na mingine. Ilipofika mwisho wa mwaka wa sabini na moja, mwenyekiti wetu Bochaberi alisimama. Mama yule sauti yake ingeweza kuita ng'ombe wa Ikonge.

"Mvua kubwa ikianza tunapanda. Na tunapanda chini. Tunachimba mitaro, tunakausha kinamasi chote, kila mtu anapata mistari yake."

Tulipiga vigelegele. Kwetu Ogembo chini ndiko kwenye unono: nduma nene kama paja, ndizi za kuinamisha mti. Nani angefikiri kwamba chini ya huku si chini ya kule?

Nyamoita akainua mkono. "Mkikausha, baridi itaiunguza chai. Maji ndiyo blanketi ya kinamasi. Yanakunywa jua mchana, usiku yanalitoa polepole. Ukiyaondoa, ile baridi inayoteremka kutoka mlimani italala juu ya udongo mkavu, na hakuna wa kuifukuza."

"Blanketi ya maji!" nikasema. "Omwenga anajua unalala wapi?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Sikuishia hapo, nikaongeza lile neno la wendawazimu.

"Pale kwa Mzungu mbona nyasi zinakufa?" akauliza Nyamoita.

"Alimwaga dawa hapo," akajibu Bochaberi. "Kila mtu anajua."

"Basi nipeni kona moja ambayo haijaguswa. Nichimbe mtaro mmoja sasa hivi, Novemba. Nipande miche kumi na miwili pakavu, na kumi na miwili kwenye tuta kando ya maji. Januari ikiisha bila miche ya pakavu kuungua, nitakuwa wa kwanza kushika jembe, na nitawapikia siku zote mtakazochimba."

"Na mimi ninakula sana," nikamwambia.

"Ninajua, mama Jethro. Nimekuona kwenye matanga."

Akachimba. Na kabla ya miche kufanya lolote, alitutajia yatakayotokea kwenye ile kona, mbele ya wote. Yatatangulia kufa yale majani laini. Wafuate vyura. Korongo hawatakanyaga hapo tena, kwa sababu walikuja kwa ajili ya vyura. Kisha ndiyo baridi. Sisi tukaguna. Kufika Krismasi majani laini yalikuwa yamekauka kama godoro la zamani. Mwaka mpya ile kona ilikuwa kimya, na korongo walifika kwenye mtaro wakageuka.

Januari sasa. Kila jioni Nyamoita aliweka sahani kumi za bati zenye maji, tano pakavu, tano kando ya maji, ili aone wapi yataganda. Na Januari ile, bahati gani hii, mawingu! Wiki ya kwanza mawingu, ya pili mawingu, ya tatu manyunyu. Sahani maji tu. Bochaberi akaanza kugawa mistari.

"Nyamoita, unga wa kutupikia uko?" wanawake walimuuliza njiani.

"Uko. Na mbingu iko."

Ijumaa ya mwisho ya mwezi upepo ulitulia na wingu lote likaondoka. Kabla jua halijatua Nyamoita alipita mbio na sahani zake, maana sisi ni watu wa Sabato, na likitua hakuna kazi. Bochaberi alisimama kwenye ua akiliangalia jua na kumwangalia yeye.

"Harakisha! Ukichelewa nitakushtaki kwa mzee wa kanisa!"

Asubuhi nilikuwa nafunga kitambaa cheupe cha kanisani niliposikia sauti kutoka bondeni. Sijawahi kusikia Nyamoita akipiga kelele hivyo. "Njooni! Njooni kabla jua halijafika!"

Tukakutana njiani, sote na nguo za kanisa. Bochaberi akasita. "Sabato hatuchimbi."

"Kutazama si kuchimba," nikasema. Nilikuwa nimeshamtangulia, viatu mkononi.

Jamani! Ile kona ilikuwa nyeupe kana kwamba mtu amepepetea unga. Sahani tano za pakavu zilikuwa zimefunikwa na kioo. Nilikigonga kwa kucha, kikalia. Nikakimbilia upande wa maji: sahani tano, maji matupu, nikatia kidole yakatikisika. Hatua kumi tu! Nikakimbia tena huku, nikarudi tena kule, mwanamke mzima na kitambaa kimeanguka shingoni. Wenzangu walikuwa wanafanya vilevile. Wengi wetu hatukuwa tumeshika barafu maishani. Tuliipitisha mkono kwa mkono tukipiga mayowe.

Jua likafika. Miche kumi na miwili ya pakavu ikalegea, na tulivyosimama pale ikageuka nyeusi, mmoja baada ya mwingine, kama majani yaliyotiwa maji ya moto. Ile ya tutani ilikuwa inatoa umande tu.

Kila mmoja alikuwa anakiona kitalu chetu chote kikiwa cheusi vile.

Bochaberi akageuka. "Nyamoita. Tupande wapi?"

"Kwenye mteremko, hatua mia kwenda juu kutoka hapa. Baridi hupita pale, haikai. Na mtaro wangu tuuzibe."

"Tutauziba," akasema Bochaberi, kisha akaikumbuka Sabato. "Jumapili."

Mimi nilichukua kipande kikubwa cha barafu nikamwonyeshe mchungaji. Nilifika na mkono uliolowa na maneno mengi, na siku ile nilimwomba Nyamoita msamaha mbele ya kanisa, kwa sauti ileile niliyomtukania.

Jumapili tuliziba mtaro. Mvua ilipoanza tulipanda kwenye mteremko, na chai ile nimeichuma leo asubuhi. Vyura walirudi kwenye kona mwaka uliofuata, wakafuatwa na korongo. Nyamoita aliwaandika kwenye daftari, akanipa nisome tarehe: alikuwa amewatabiri kwa tofauti ya siku tisa.

"Siku tisa ni nyingi," nikamwambia.

"Lete daftari lako tulinganishe, mama Jethro."

Basi nikanunua daftari.