Misumari ya Bibi Mkiani mwa Ndege

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, ijapokuwa ni mwaka jana tu. Usicheke. Wewe uko darasa la sita, mimi la kumi na moja na nna ndevu nne. Nimeshakuwa mzee wako.

Skuli walitaka kila mmoja atengeneze mfano wa ndege ya kale na aurushe uwanjani. Isiporuka, huna maksi. Nikachagua ndege ya kivita ya mwanzomwanzo ya Wasovieti, yenye bawa moja tu, wakati wengi bado walipandisha bawa juu ya bawa. Bibi kusikia "bawa moja" akauliza la pili limeliwa na nani. Nikamweleza kuwa ni hilohilo, linapita kutoka kulia mpaka kushoto.

Nikaichonga kwa lile povu jeupe linalokuja na friji mpya. Ikapendeza, ila mkia mtupu. Hapo Shetani akanionyesha sanduku la Bibi, alilokuja nalo kutoka Unguja, lenye misumari ya shaba. Nikang'oa minane, nikaichomeka mkiani.

Nikairusha uani. Ikainua pua kama jirani yetu wa hapa mjini kwetu, Al Amerat, aliyenunua gari jipya, ikasita, ikaanguka. Mara tatu. Na maonyesho ni kesho.

Bibi akatoka, akaiona misumari yake. Nikangoja kofi. Yeye akaiweka ndege juu ya vidole viwili, chini ya bawa. Mkia ukashuka.

"Mkia umeshiba, pua ina njaa," akasema. "Ihamishe misumari mbele. Kesho jioni nnaitaka sandukuni, yote minane."

Baadaye nikasoma tena habari za wale Wasovieti. Wallahi, kosa lilelile: uzito ulikaa nyuma mno, ndege yao ya kwanza ikainua pua ikaanguka, rubani akavunjika vibaya. Wakaipima, wakaichora upya, ndipo ikaruka. Bibi hajapata hata kuisikia.

Yangu, misumari ikiwa puani, ilivuka uwanja mzima. Jioni nikairudisha misumari. Mmoja umekaa upande mpaka leo, na Bibi akipita huugusa, akacheka. Kila akicheka namshukuru upya.

Basi, mwanangu, kabla ya kupamba mkia, itazame pua. Na ukiharibu, usikimbie. Mpe mkubwa wako akupime kwa vidole vyake. Mungu amzidishie Bibi umri, na wewe akujaalie mtu wa kukwambia ukweli ungali chini, hujaruka. Amin.